McAdam: Tajiri aliyepokonywa mali Marekani, akaja kuifundisha dunia kujenga barabara

Barabara ya mtaani ikitaka kupanuliwa, iwe Buzebazeba pale Kigoma-Ujiji au kwingine, greda huwa si la kwanza kufika. Wanatangulia watu wa maabara. Wanachimba mashimo pembeni, wanajaza udongo kwenye mifuko, wanaondoka zao. Wanaotazama wanabaki kujiuliza: hela ni ya lami, udongo wa nini tena?

Swali hilo lilimla miaka mingi Mskoti mmoja aliyefariki mwaka 1836, John Loudon McAdam. Waingereza wanapoiita barabara ya lami tarmac, ile "mac" ya mwisho ni yeye.

Alizaliwa Ayr, Scotland, Septemba 1756. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 14 hivi, akavushwa bahari kwenda New York kwa ami yake aliyekuwa mfanyabiashara. Kijana akanyooka. Wakati wa vita ya uhuru wa Marekani alitengeneza hela nyingi kwa kuuza mali zilizotekwa kwenye meli za adui.

Tatizo ni kwamba alikuwa upande wa mfalme wa Uingereza, na mfalme akashindwa. Mali yake nyingi ikachukuliwa, na mwaka 1783 akarudi kwao Scotland na familia. Hakurudi mikono mitupu lakini, kwa sababu alinunua shamba kubwa la Sauchrie, akawa mmoja wa wasimamizi wa barabara za eneo lake.

Akaingia pia kwenye kiwanda cha kutengeneza lami ya makaa ya mawe huko Muirkirk. Cha kushangaza, lami hiyo hakuiweka barabarani. Kokoto kuchanganywa na lami kwa mtindo uliobeba jina lake kulikuja mwanzoni mwa karne ya 20, na Edgar Hooley ndiye aliyeisajili mbinu hiyo.

Kilomita karibu 50,000

Barabara za Uingereza enzi hizo zilikuwa aibu. Mawe makubwa yalimwagwa kwenye tope, magurudumu yakayasukuma huku na huku, mvua ikamalizia. Mwaka 1798 McAdam alihamia Falmouth, kusini magharibi mwa Uingereza, na kutoka hapo akaanza kuzunguka nchi nzima akikagua barabara kwa hela yake mwenyewe. Kwa hesabu aliyolipa Bunge baadaye, alisafiri karibu kilomita 50,000 kwa siku zipatazo 2,000. Familia ilikuwa na sababu ya kumshangaa.

Alichorudi nacho ni wazo jepesi kulieleza, gumu kulikubali. Mzigo haubebwi na mawe, unabebwa na udongo wa chini. Udongo ukiwa mkavu utabeba gari lolote. Ukilowa hautabeba kitu. Kwa hiyo kazi ya kokoto ni kama ya bati juu ya nyumba, kuzuia maji.

Basi akaagiza barabara iinuliwe juu ya usawa wa maji, ichimbiwe mitaro, iinamishwe kidogo kuelekea pembeni, kisha imwagwe kokoto unene wa sentimita 25 hivi. Hakuna kokoto kuzidi gramu 170 au hivyo. Zilitakiwa ndogo ili zibanane zenyewe magari yakipita.

Mwaka 1816 alipewa barabara za Bristol, akiwa na miaka karibu 60, umri ambao wengine wanasubiri wajukuu. Zikatengemaa. Miji mingine ikamwita, na wanawe wakaingia kazini naye.

Mhandisi mwenzake mashuhuri, Thomas Telford, aliamini lazima chini kupangwe msingi wa mawe makubwa kwa mkono. McAdam aliona huo ni upotevu wa hela, na mbele ya kamati ya Bunge mwaka 1819 alitoa mfano wa barabara aliyopitisha kwenye kinamasi huko Somerset, ikadumu vizuri.

Hizo kokoto hazikujiponda. Zilipondwa kwa nyundo ndogo na masikini, wakiwemo wanawake, wazee na watoto waliokaa pembeni mwa barabara. Anayewajua akina mama wanaogonga kokoto kwenye miji yetu haihitaji picha.

Alipewa heshima ya kuitwa Sir akaikataa, akasema amezeeka. Akaipokea mwanawe James. McAdam alifia Moffat, Scotland, Novemba 26, 1836, akiwa na miaka 80.

Kitu ambacho hakukipima

Alijua udongo ndio kila kitu, ila hakuwa na namba. Magari ya mizigo yalipoanza kupasua barabara karne iliyofuata, ikaonekana udongo hauna nguvu sawa. Mwishoni mwa miaka ya 1920, wahandisi wa jimbo la California, Marekani, wakabuni kipimo kinachoitwa CBR. Udongo unashindiliwa kwenye chombo cha chuma, kwa kawaida unalowekwa maji siku nne, kisha unachomwa kwa nondo nene kuona unakaza kiasi gani. Matokeo yanalinganishwa na kokoto iliyopondwa, ambayo ndiyo asilimia 100. Yaani McAdam yumo hata kwenye kipimo.

Mwongozo wa Tanzania wa mwaka 1999 wa usanifu wa barabara unaugawa udongo wa chini kwa madaraja S3, S7 na S15, kufuata namba hizo. Ukiwa dhaifu, unaboreshwa au unabadilishwa kabla ya tabaka la juu.

Kwenye upanuzi ndipo mtego ulipo. Katikati pameshindiliwa na magari kwa miaka, pembeni palikuwa mtaro, shimo la taka au uwanja wa mtu. Ukiweka lami ile ile bila kupima, ufa unatokea palepale barabara mpya ilipounganishwa na ya zamani, maji yanaingia, na shimo linafuata masika ya kwanza. Ndiyo maana wale watu wa maabara huchimba pembeni, na siyo katikati.