Maisha ya Daktari Jan Ingenhousz

Jan Ingenhousz alizaliwa tarehe 8 Desemba, 1730, katika mji wa Breda, nchi ya Uholanzi. Jina lake ni gumu, na hata sisi wa Kidato cha Nne kila mmoja hulitamka kwa namna yake. Lakini mwanafunzi yeyote aliyepata kuhesabu vipovu vya jani la majini katika somo la Bayolojia amefuata nyayo za mtu huyu, pengine bila ya kujua. Ndiyo sababu nimependa kuwasimulia wasomaji wa gazeti letu habari zake.

Alisomea udaktari huko Leuven, akahitimu mwaka wa 1753, kisha akaendelea na masomo Leiden. (Leiden ndiko walikotoka wataalamu waliokuja Mwanza katika miaka ya 1970 kuchunguza furu wa ziwa letu.) Baadaye alihamia Uingereza. Siku hizo ndui iliua matajiri kwa maskini, na chanjo ya Jenner ilikuwa haijavumbuliwa. Madaktari walichukua usaha kidogo wa mgonjwa, wakautia katika ngozi ya mtu mwenye afya, ili augue kidogo, apone, asishikwe tena. Ilikuwa kazi ya hatari, maana wengine walikufa. Basi mwaka wa 1768 Ingenhousz aliitwa Vienna kuwachanja watoto wa Malkia Maria Theresa, ambaye mwenyewe aliugua ndui mwaka uliotangulia, nusura afe. Fikiri, msomaji, kama mtoto mmoja angalikufa, daktari yule mgeni angalijibu nini? Hawakufa. Malkia akamfanya tabibu wa jumba lake, akampa malipo ya kila mwaka kwa maisha yake yote.

Mtu mwingine angalikaa akala raha. Yeye aliitumia nafasi ile kwa majaribio. Mwingereza Joseph Priestley alikuwa ameonyesha kwamba mmea waweza kuisafisha hewa iliyochafuliwa na mshumaa. Lakini jaribio liliporudiwa, mara lilifaulu, mara halikufaulu, wala sababu haikujulikana.

Wakati wa kiangazi cha 1779 Ingenhousz alipanga nyumba nje ya London, na kwa muda wa miezi mitatu hivi akafanya majaribio zaidi ya 500. Alitia majani mabichi katika vyombo vya kioo vilivyojaa maji, akaviweka juani. Vipovu vikatokea juu ya majani, vikapanda. Alipovipeleka vyombo gizani, vipovu vya hewa safi vilikoma. Je, ni joto la jua au ni mwanga wake? Akaviweka karibu na moto, pasipo jua, na hewa safi haikutoka. Basi ni mwanga. Tena akaona kwamba kazi hii hufanywa na sehemu za kijani peke yake, na kwamba usiku mimea huichafua hewa kama sisi tunavyofanya tukipumua. Mwaka ule ule akachapisha kitabu.

Hapa naomba ruhusa nitoke njiani kidogo. Chama chetu cha Sayansi kina tangi la kioo lenye furu wachache na majani yaliyotoka ziwani. Limewekwa mahali ambapo jua halifiki, na majani yameanza kugeuka njano. Twataka kulitilia taa ya mrija, na mabishano yamekuwa makali. Wengine wasema iwashwe usiku kucha. Mimi nasema saa 10 hadi 12 zatosha, kwani mwanga ukizidi, ukungu wa kijani huota kiooni, na furu nao wahitaji usiku wao. Ndani ya mrija mna mvuke wa zebaki, na ule unga mweupe uliopakwa kwa ndani ndio ugeuzao mionzi isiyoonekana iwe mwanga, kwa hiyo unga ukiwa mbali, rangi nayo ni mbali. Mimea hupenda zaidi mwanga mwekundu na wa buluu. Mrija mweupe kama mchana, ulioandikwa 6500, unao wa kutosha, mradi uwe karibu na maji. Wapo watakao taa za LED, nazo hula umeme mchache, lakini mirija tunayo tayari. Shauri langu ni kutumia njia ya Ingenhousz: tuliweke jani lile lile chini ya kila mrija, kwa umbali mmoja, tuhesabu vipovu. Asiyeamini kwamba giza laweza kuua samaki na awaulize wavuvi wa pwani yetu mambo ya magugu maji yalipoufunika uso wa ziwa katika miaka ya 1990.

Ingenhousz alichunguza pia jinsi joto lipitavyo katika nyaya za madini zilizopakwa nta, jaribio ambalo bado twafundishwa katika Fizikia. Alikuwa rafiki wa Benjamin Franklin, na waliandikiana barua miaka mingi. Na Priestley aligombana juu ya nani aliyetangulia kuvumbua nini, na kwa maoni yangu kila mmoja alikuwa na haki yake.

Vita na mapinduzi ya Ufaransa vilimzuia asirudi Vienna. Alifariki tarehe 7 Septemba, 1799, huko Bowood, Uingereza, katika jumba lile lile ambamo Priestley, miaka 25 kabla yake, aliipata hewa ambayo leo twaiita oksijeni.