Maisha ya Joseph Arch, mufukuza ndege aliyeingia mu konseye ya wilaya

Wasomaji wetu, leo tunawaelezea maisha ya mutu mumoja wa Uingereza, jina lake Joseph Arch. Hakuwa mutoto wa mukubwa, na masomo yake yalikuwa kidogo sana. Lakini ni yeye aliyesimamisha wafanyakazi wa mashamba wa kule, mpaka wakapata ruhusa ya kuchagua wenyewe watu wa kuongoza wilaya na vijiji vyao.

Alizaliwa tarehe 10 Novemba 1826 ku Barford, kijiji cha wilaya ya Warwickshire, katikati ya Uingereza. Wakati ule udongo karibu wote wa pale ulikuwa wa matajiri wachache. Wao walikodisha mashamba kwa wakulima wakubwa, na wakulima wakaandika watu wa kazi kwa mushahara wa juma kwa juma. Nyumba nayo, mara nyingi, ilikuwa ya bwana wa kazi. Kazi ikiisha, nyumba nayo imeisha. Mutu anayeikala mu nyumba ya kampuni ataelewa hii pasipo kuelezwa sana.

Lakini jamaa ya Arch walikuwa na bahati moja: nyumba yao, ata kama ilikuwa ndogo, ilikuwa yao wenyewe. Tuikumbuke hii nyumba, sababu itarudi mu habari yetu.

Mwaka 1835 wakubwa walipitisha karatasi mu kijiji. Walitaka watu watie sahihi ili ile sheria iliyofanya ngano iwe bei kali iendelee. Sheria ile ilitajirisha wenye mashamba, lakini masikini walikosa mukate. Baba ya Joseph alikataa kutia sahihi. Juu ya ile tu, alifungiwa milango yote: majuma 18 hakuna mutu aliyemupa kazi. Mama yake alifua nguo za watu, na njo vile walikula. Kama nyumba ingekuwa ya bwana, wangelala mu njia. Joseph alikuwa mutoto wa miaka 8 ao 9, na ile njaa hakuisahau tena.

Kitu kingine alichokiona utotoni ni kanisani. Siku moja alichungulia mu tundu la mulango, akaona ginsi watu walivyokwenda kupokea meza ya Bwana: kwanza tajiri mwenye udongo, kiisha wakulima wakubwa, kiisha wachuuzi na mafundi, na mwisho kabisa wafanyakazi wa shamba, na baba yake katikati yao. Alipokuwa mukubwa aliacha lile kanisa, akawa muhubiri wa Wametodisti, wale waliosali mu nyumba ndogo za vijijini. Pale njo alijifunza kusimama mbele ya watu na kusema.

Masomo yake yalikuwa miaka 3 tu. Alipokaribia miaka 9 alianza kazi ya kufukuza ndege mu mashamba, saa 12 kwa siku, peni 4. Kiisha akaongoza farasi, akalima na jembe la kukokotwa, na mwisho akawa fundi wa kukata lupango ya miti inayozunguka mashamba. Kwa ile kazi alishinda wengine mu mashindano, na watu walimwita kutoka mbali, mpaka inchi ya Wales. Hivi alipata faida mbili: hakutegemea bwana mumoja, na aliona kwa macho yake kwamba umasikini wa Barford ulikuwa kila mahali.

Tarehe 7 Februari 1872 watu watatu walikuja kwake kutoka kijiji cha Wellesbourne. Walimulomba aje kusema nao juu ya mushahara. Kule watu walipata karibu shilingi 12 kwa juma, na wengine walikuwa na watoto wengi. Arch alifikiri atakuta watu 30 hivi. Alipofika magaribi, alikuta karibu 2000, kwa hesabu yake mwenyewe, chini ya muti mukubwa, taa zikifungwa juu ya fito. Alipanda juu ya kiti cha kuchinjia nguruwe, akasema nao mu giza na mu matope.

Ile usiku sendika ilianza. Mwezi wa tatu watu 200 waligoma, wakiomba shilingi 16. Wengine walifukuzwa kazini, wengine mu nyumba. Lakini habari ilienea, na tarehe 29 Mei 1872 sendika ya wafanyakazi wa mashamba ya inchi yote ilisimamishwa ku Leamington, Arch akiwa mukubwa wake. Kisha miaka 2 ilikuwa na watu zaidi ya 80000. Mu vijiji vingi mushahara ulipanda.

Sasa wasomaji watauliza: na uchaguzi uko wapi mu habari hii? Uko hapa. Wakati ule wilaya hazikuongozwa na watu waliochaguliwa. Mahakimu njo waliziongoza, nao walikuwa matajiri wenye udongo na mapasteri. Hawa waliamua juu ya barabara, madaraja na kodi ya wilaya, na hawa wenyewe walihukumu watu. Mwaka 1873 wanawake 16 wa kijiji cha Ascott, mu wilaya ya Oxfordshire, walitiwa mu gereza kwa sababu ya kuzuia watu waliokuja kuchukua kazi ya waliogoma. Wengine walibeba watoto wachanga. Mahakimu wawili waliowahukumu walikuwa mapasteri. Arch aliona kwamba mushahara peke yake hautoshi. Wakati bwana wa shamba na rafiki zake njo wanahukumu na kulipisha kodi, mutu wa kazi hana mahali pa kukimbilia.

Njia ilikuwa ndefu. Mwaka 1872 sheria ilifanya kura iwe ya siri, hata bwana asijue mutu wake amechagua nani. Mwaka 1884 wafanyakazi wenye nyumba vijijini, ata zile za kupanga, walipewa kura ya Bunge. Mwaka wa kufuata Arch alichaguliwa mu wilaya ya Norfolk. Alikuwa mufanyakazi wa shamba wa kwanza kuingia mu Bunge la Uingereza. Mwaka 1886 alishindwa. Mwaka 1892 alirudi.

Katikati ya ile miaka, mu Januari 1889, wilaya zilichagua konseye zao kwa mara ya kwanza. Wajane na wanawake wasioolewa waliolipa kodi walipiga kura vilevile. Kusema kweli, mu wilaya nyingi watu walichagua tena wale matajiri wa zamani, kwa kuzoea ao kwa woga. Lakini mu Warwickshire, watu wa Wellesbourne walimuchagua Joseph Arch. Walimutuma kukaa meza moja na wale ambao baba yake alikuwa anavua kofia mbele yao.

Kiisha ikaja sheria ya mwaka 1894, Arch akiwa mu Bunge. Kila kijiji chenye watu wa kutosha kilipata baraza yake. Wanawake, ata walioolewa, waliweza kuchagua na kuchaguliwa. Baraza ingetafuta mashamba madogo ya kukodisha kwa masikini, ingechunga visima na njia za miguu. Ila kulikuwa na shida moja: kwanza watu walichagua kwa kuinua mukono mu mukutano, na bwana wa kazi anatazama. Sheria iliwapa ruhusa ya kulomba kura ya karatasi, ya siri. Mahali watu walipoilomba, mutu aliweza kuchagua pasipo kuogopa kesho asubui.

Arch hakushinda yote. Mwaka 1874 wakulima wa upande wa mashariki walifungia watu elfu nyingi kazi, na sendika ikamaliza feza zake. Kiisha viongozi waligombana juu ya feza, na mwaka 1896 sendika ilikufa. Mu Bunge hakusema mara nyingi. Aliliacha mwaka 1900, na rafiki zake wa Bunge walimutafutia pensheni.

Alirudi Barford, mu ile nyumba ndogo ya wazazi wake. Pale njo alikufa, tarehe 12 Februari 1919, na miaka 92. Baba yake alikosa kazi majuma 18 juu ya sahihi moja aliyoikataa wazi. Mutoto aliona siku ambapo mutu wa kazi wa kijiji kile anaandika alama yake ku karatasi, anaikunja, anaitia mu sanduku, na anarudi nyumbani kula.