Mwalimu Nyerere na Mapambano ya Mwisho Dhidi ya Adui Maradhi

Na Mwandishi Wetu

Kila ifikapo tarehe 14 Oktoba, Watanzania humkumbuka Baba wa Taifa, Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Siku hiyo husemwa mengi kuhusu uhuru, Muungano na Azimio la Arusha, na ni haki yasemwe. Lakini ipo sehemu ya maisha yake ambayo hutajwa kwa haraka, nayo ni kipindi cha mwisho alichoishi akijua kwamba ana saratani ya damu. Kwa familia ambazo leo zinauguza mgonjwa wa saratani, huenda sehemu hiyo ndiyo yenye mafunzo ya karibu zaidi.

Mwalimu alizaliwa tarehe 13 Aprili, 1922 katika kijiji cha Butiama, mkoani Mara, akiwa mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na Mama Mgaya wa Nyang'ombe. Alianza masomo katika Shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaendelea Shule ya Serikali ya Tabora, kisha Chuo cha Makerere nchini Uganda. Baada ya kufundisha kwa miaka kadhaa katika Shule ya St. Mary's, Tabora, alikwenda Uingereza mwaka 1949 kusoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, akarejea mwaka 1952 akiwa na shahada ya M.A. Tarehe 7 Julai, 1954 alichaguliwa kuwa Rais wa kwanza wa TANU, na miaka saba baadaye, tarehe 9 Desemba, 1961, Tanganyika ikawa huru.

Tangu siku za mwanzo za uhuru, Mwalimu aliwatajia wananchi maadui watatu wa Taifa: ujinga, umaskini na maradhi. Kumweka maradhi katika safu hiyo kulikuwa na maana nzito. Nchi ilikuwa imerithi hospitali chache, nyingi zikiwa mijini, na madaktari wazalendo walihesabika kwa vidole. Mwaka 1963 ilianzishwa Shule ya Udaktari ya Dar es Salaam, ambayo mwaka 1968 ilikuwa kitivo cha chuo kikuu na baadaye ikawa chimbuko la Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mkazo ulielekezwa kwenye zahanati na vituo vya afya vijijini. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo wananchi walikusanyika kwa vikundi kusikiliza redio, kisha wakatoka kuchimba vyoo, kufyeka vichaka na kuchemsha maji ya kunywa.

Maradhi yaliyolengwa wakati huo yalikuwa malaria, kichocho, kuhara, surua na kifua kikuu. Saratani haikuwa katika mazungumzo ya watu wengi, na aliyeugua mara nyingi alifariki dunia bila ndugu zake kujua jina la kilichomuua. Hospitali ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, ndiyo iliyokuja kuwa kimbilio la wagonjwa hao kwa matibabu ya mionzi. Mwaka 1996 Bunge lilitunga sheria iliyoifanya kuwa taasisi inayojitegemea ya kushughulikia saratani.

Mwalimu alistaafu urais kwa hiari yake mwaka 1985, na mwaka 1990 akaacha uenyekiti wa Chama Cha Mapinduzi. Alirudi Butiama, akalima, akacheza bao na wazee wenzake, na akaendelea na ibada ya kila siku aliyoizoea tangu ujana wake. Mwaka 1996 zilichapishwa tenzi zake za Biblia, ambamo alizitia Injili na Matendo ya Mitume katika ushairi wa Kiswahili.

Hata hivyo, mapumziko hayo hayakuwa kamili. Nchi jirani ya Burundi ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba, 1993. Maelfu ya wakimbizi walivuka mpaka na kuingia mikoa ya Kigoma na Kagera. Mwaka 1996 Mwalimu, akiwa na umri wa miaka 74, alikabidhiwa jukumu la kuwa msuluhishi wa mgogoro huo. Mazungumzo yalianzia Mwanza, yakakwamishwa na mapinduzi ya kijeshi ya Julai mwaka huo mjini Bujumbura, na hatimaye mwezi Juni, 1998 pande nyingi zikaketi pamoja jijini Arusha. Msaidizi wake mkuu katika kazi hiyo alikuwa Jaji Mark Bomani, Mwanasheria Mkuu mstaafu.

Ni katika mwaka huo wa 1998, mazungumzo ya Arusha yakiwa yanaanza kushika kasi, ndipo ilipobainika kwamba Mwalimu ana lukemia, yaani saratani ya damu.

Lukemia huanzia katika uloto, ambao ni ute laini ulio ndani ya mifupa na ndiyo kiwanda cha damu. Chembe nyeupe, ambazo kwa kawaida ni askari wa mwili, huanza kuzaliana bila mpangilio na bila kukomaa sawasawa. Kadiri zinavyojaa, hubana nafasi ya chembe nyekundu zinazobeba hewa ya oksijeni na chembe sahani zinazogandisha damu. Ndiyo maana mgonjwa huishiwa nguvu, hupata homa na maambukizi ya mara kwa mara, hutoka jasho jingi usiku, hupungua uzito, na pengine hutokwa damu kirahisi au kuvimba tezi. Zipo lukemia zinazokwenda kwa kasi na kuhitaji tiba ndani ya siku chache, na zipo zinazokwenda polepole, ambazo mgonjwa anaweza kuishi nazo kwa miezi au miaka akiwa chini ya uangalizi wa daktari.

Mtu wa miaka 76 anayepewa jibu la namna hiyo ana sababu zote za kufunga mafaili na kukaa nyumbani. Hakuna ambaye angemlaumu Mwalimu kama angeomba mtu mwingine apewe mzigo wa Burundi. Yeye hakufanya hivyo. Alikubali kuwa chini ya madaktari, akafuata matibabu na uchunguzi jijini London, na kati ya safari hizo akarudi Arusha kwenye meza ya mazungumzo. Mapema mwaka 1999, nchi za kanda zilisimamisha vikwazo vya kiuchumi zilivyokuwa zimeiwekea Burundi, hatua iliyoonesha kwamba mazungumzo yalikuwa yanasonga mbele. Vikao viliendelea hadi katikati ya mwaka huo, na Mwalimu akaendelea kuviongoza.

Ni muhimu kuelewa alichofanya na ambacho hakufanya. Hakupuuza ugonjwa wala hakujifanya kwamba haupo. Mgonjwa anayeacha dawa ili aonekane shujaa hajishindii chochote, na Mwalimu hakuwa wa namna hiyo. Alitenga muda wa hospitali na muda wa kazi, na kila kimoja akakipa haki yake. Madaktari wanaohudumia wagonjwa wa saratani huwashauri wale wenye nguvu ya kutosha waendelee na shughuli zinazowapa sababu ya kuamka asubuhi, kwa kipimo kinachokubaliwa na hali zao. Mwalimu aliishi hivyo.

Pia hakuwa peke yake. Kwa miaka mingi afya yake ilikuwa mikononi mwa Profesa David Mwakyusa, daktari bingwa aliyekuja baadaye kuwa Waziri wa Afya. Kuwa na daktari mmoja anayeijua historia ya mgonjwa, na anayeaminiwa na familia, ni sehemu ya tiba ambayo watu wengi huisahau. Alikuwa na mkewe, Mama Maria, waliyefunga naye ndoa mwaka 1953, na watoto wao. Alikuwa na imani yake, iliyokuwa imemjengea mazoea ya sala ya kila siku miaka mingi kabla ya ugonjwa kubisha hodi.

Mwezi Septemba, 1999 Mwalimu alikuwa London tena kwa matibabu, safari hii katika Hospitali ya St. Thomas', iliyopo kando ya Mto Thames ikitazamana na majengo ya Bunge la Uingereza. Hali yake ilibadilika. Mwanzoni mwa Oktoba alipatwa na kiharusi kikubwa, akahamishiwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Hapo ndipo wananchi wengi walipopata kufahamu uzito wa ugonjwa wake. Serikali ilitoa taarifa za maendeleo yake, redio zikawa zinafuatiliwa mijini na vijijini, na dua na sala zikasomwa misikitini na makanisani. Watu ambao hawajawahi kulisikia neno lukemia walilijua mwezi huo.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 14 Oktoba, 1999, Mwalimu alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 77, mkewe na baadhi ya watoto wake wakiwa kando ya kitanda chake. Rais wa Awamu ya Tatu, Hayati Benjamin William Mkapa, ndiye aliyelitangazia Taifa msiba huo. Mwili uliporejeshwa Dar es Salaam, wananchi walijipanga barabarani tangu uwanja wa ndege. Waliaga kwa mamia ya maelfu katika Uwanja wa Taifa, ambao sasa ni Uwanja wa Uhuru, na tarehe 23 Oktoba Mwalimu akazikwa nyumbani kwake Butiama.

Kazi aliyoifanya akiwa mgonjwa haikuzikwa pamoja naye. Mwezi Desemba mwaka huo Hayati Nelson Mandela aliteuliwa kuichukua nafasi yake, na tarehe 28 Agosti, 2000 Mkataba wa Amani na Maridhiano ya Burundi ukatiwa saini Arusha, katika mji uleule ambao Mwalimu alizoea kuurudia baada ya kutoka kwa madaktari wake.

Msiba huo uliacha swali ambalo halikuwa rahisi kulijibu mwaka 1999. Kiongozi aliyetumia maisha yake kujenga zahanati za vijijini alilazimika kutafuta tiba ng'ambo, kwa kuwa wakati huo matibabu ya kina ya saratani ya damu hayakuwa yamejengeka nchini. Je, mkulima wa Butiama mwenye ugonjwa uleule angekwenda wapi? Kwa heshima ya mtu aliyeamini katika usawa wa binadamu, swali hilo lilistahili kujibiwa kwa vitendo, na sehemu ya jibu imeanza kuonekana.

Leo Taasisi ya Saratani Ocean Road inaendelea kupokea wagonjwa kutoka mikoa yote. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, jijini Mwanza, inatoa huduma za saratani, zikiwemo za mionzi, hivyo mgonjwa wa Mara, Kagera au Simiyu halazimiki kila mara kusafiri hadi Dar es Salaam. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina wataalamu wa magonjwa ya damu, na mwaka 2021 ilianza huduma ya kupandikiza uloto, tiba ambayo awali ilimlazimu Mtanzania kwenda nje ya nchi. Mwaka 2023 ilitungwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, yenye lengo la kuhakikisha kwamba gharama hazimzuii mwananchi kupata matibabu. Safari bado ni ndefu, na wagonjwa wengi bado hufika hospitali wakiwa wamechelewa.

Kuchelewa huko ndiko mwananchi anakoweza kukuondoa yeye mwenyewe. Mwenye uchovu usioisha, homa zinazojirudia, uvimbe usioeleweka, kidonda kisichopona au kupungua uzito bila sababu afike katika kituo cha afya kilicho karibu naye aombe kuchunguzwa. Kipimo cha kawaida cha damu kinaweza kuonesha dalili za mwanzo za lukemia, na daktari akiona haja atampa mgonjwa rufaa ya kwenda hospitali kubwa zaidi. Mgonjwa asiende peke yake. Aambatane na ndugu atakayesikiliza maelezo pamoja naye, kwa sababu mtu aliyepewa habari nzito husahau nusu ya anayoambiwa. Na familia isilifiche jina la ugonjwa kama aibu. Ugonjwa wa Mwalimu ulitajwa hadharani kwa jina lake, na heshima yake haikupungua hata kidogo.

Katika orodha ya maadui watatu aliyoiacha Mwalimu, maradhi bado yamo. Aliyapiga vita akiwa Rais kwa kujenga vituo vya afya, na alipougua mwenyewe aliyapiga vita kwa kukubali tiba na kutokubali ugonjwa umnyang'anye kazi iliyokuwa mkononi. Yule anayetoka kliniki leo na cheti cha majibu asiyotaka kuyasoma anaweza kuanza na hayo mawili: kurudi kwa daktari siku aliyopangiwa, na kuendelea na kile kinachoyapa maisha yake maana.