Kapteni Selous na Vita vya Rufiji

Sisi wa Kibiti na Rufiji tumelizoea jina la Selous kuwa ni jina la pori la wanyama. Lakini kwanza lilikuwa jina la mtu, naye amelala upande wa juu wa mto wetu.

Frederick Courteney Selous alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851. Akiwa kijana wa miaka 19 alikwenda Afrika ya Kusini, akawa mwindaji wa tembo na mwandishi wa vitabu. Mwaka 1890 aliwaonyesha njia watu wa Cecil Rhodes walioitwaa nchi ya Washona, ambayo leo ni sehemu ya Zimbabwe.

Vita vilipoanza mwaka 1914, walowezi wa Kenya waliunda kikosi cha kujitolea cha wapanda farasi, wengine wakija Nairobi na farasi wao wenyewe. Selous naye alitaka kwenda vitani, akakataliwa kwa ajili ya umri wake. Hakukata tamaa. Mwaka 1915 alipokewa katika kikosi kingine cha kujitolea, cha Kanali Driscoll, kilichokwenda kwa miguu. Walifika Mombasa mwezi wa Mei, na mwezi wa Juni wakapigana Bukoba.

Katika nchi yetu farasi hawakufaa kitu. Mbung'o waliwaua kwa maelfu, hata wapanda farasi wakawa watembea kwa miguu. Basi chakula na risasi vilibebwa vichwani na wapagazi. Hata mizinga ya manowari Königsberg, iliyoangamizwa katika delta tarehe 11 Julai 1915, ilitolewa na Wajerumani ikakokotwa hadi bara.

Mapema Januari 1917 Waingereza walikuwa wakiusogelea mto Rufiji. Tarehe 4, huko Beho Beho, Selous alipigwa risasi akafa. Alikuwa ametimiza miaka 65 siku nne tu zilizopita. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile, mwanawe, aliyekuwa rubani, naye aliuawa vitani Ulaya.

Mwaka 1922 pori lilipewa jina la Selous, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kaburi lake lipo, na jina lake limeandikwa juu yake.

Je, wapagazi? Upande wa Waingereza peke yake walikufa zaidi ya 40,000, wengi wao kwa njaa, kuhara na homa. Walio wengi hawana kaburi linalojulikana. Kumbukumbu yao imebaki katika jina la Kariakoo ya Dar es Salaam, palipokuwa kambi yao.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tunapomtaja Kapteni tusiwasahau waliobeba mizigo. Tuwaulize wazee wetu majina ya mababu waliochukuliwa, tuyaandike kabla hayajapotea, nayo yasomwe kanisani siku ya kuwakumbuka marehemu.