Sørensen: Mtu Aliyeupa Uchachu Hesabu

Ukiokota chupa ya dawa ya kuoshea nywele, au ukimsikiliza bwana shamba akieleza habari za udongo, au ukimwona fundi akichovya kijikaratasi katika gilasi ya maji, hukosi kukutana na herufi mbili: pH. Herufi hizo zimeenea dunia nzima, lakini aliyezianzisha ni wachache wamjuao. Ni marehemu Søren Peter Lauritz Sørensen, mwanakemia wa Denmark. Leo napenda kumsimulia, kwa sababu mimi nilimjua baada ya kupata hasara.

Hasara yenyewe ilikuwa hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa mwandishi mchanga mjini Mombasa. Siku hizo mwandishi wa gazeti hakutosheka na kalamu. Alipiga picha mwenyewe na mara nyingi akaisafisha mwenyewe. Chumba chetu cha giza kilikuwa kijichumba kisicho dirisha, kina joto kama tanuri. Filamu ilipitishwa katika dawa tatu. Ya kwanza ni divelopa, ambayo huitokeza picha. Hiyo hutiwa magadi au kitu cha jamii yake, na ukiigusa huteleza vidoleni kama sabuni. Ya pili ni maji yenye asidi ya siki, kazi yake kuikomesha ile ya kwanza. Ya tatu ni fiksa, ambayo huondoa chumvi ya fedha isiyopigwa na mwanga ili picha idumu. Ndani ya fiksa yetu mlikuwa na shabu, ya kuukaza ule utando laini unaobeba picha. Kwetu pwani shabu ile ndiyo roho ya filamu, maana maji yetu ni ya vuguvugu, na utando ule hulainika kama halua iliyoachwa juani.

Siku moja ya mwezi wa Machi nilimpiga picha maalimu wangu wa chuo, aliyenifunza alifu kwa ubao na wino. Kwa miaka mingi alikuwa akikataa kupigwa picha, na siku hiyo alikubali kwa kunihurumia tu. Mzee aliyesimamia chumba cha giza alikuwa safarini. Yeye alizijua dawa zake kwa vidole na pua: hii bado kali, hii imechoka. Nami nikajifanya fundi. Kwa haraka niliruka ile dawa ya siki, nikaitumbukiza filamu moja kwa moja katika fiksa iliyokwisha tumika wiki nzima. Nilipoisuuza chini ya mfereji, utando ulijikunja, ukateleza, na uso wa maalimu ukaenda na maji. Kabla sijapata ujasiri wa kurudi kumwomba tena, alikwisha tangulia mbele ya haki.

Mzee aliporudi hakunigombeza. Alichukua chupa ya fiksa ile ile, akachovya kijikaratasi na kulinganisha rangi yake na rangi zilizochapwa kwenye kibweta. Rangi ilionyesha zaidi ya 6, ilhali fiksa ya namna ile yapaswa kukaa baina ya 4 na 5. Ilikuwa imekunywa magadi ya filamu nyingi hata uchachu wake ukaisha, na uchachu ulipokwisha shabu iliganda ikawa tope jeupe, isikaze kitu. Nilishangaa kwamba hasara yangu yote ilikuwa imeandikwa katika tarakimu moja, nami sikuisoma. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ndipo nikataka kumjua mwenye daftari hili.

Sørensen alizaliwa tarehe 9 Januari 1868 katika kijiji cha Havrebjerg, katika kisiwa cha Zealand, na baba yake alikuwa mkulima. Mwaka 1886 aliingia Chuo Kikuu cha Copenhagen akiwa na nia ya kuwa tabibu. Huko alikutana na Profesa Sophus Mads Jørgensen, mtaalamu mashuhuri wa kemia ya madini, na kijana akauacha utabibu akaifuata kemia. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1899 kwa utafiti wake juu ya michanganyiko ya kobalti.

Mwaka 1901 aliitwa kuongoza idara ya kemia ya Maabara ya Carlsberg, kushika nafasi ya Johan Kjeldahl aliyefariki mwaka uliotangulia. Msomaji atauliza: Carlsberg si kiwanda cha pombe? Naam, ndicho. Mimi niliyelelewa chuoni nilisita kidogo nilipofika mlango huo, lakini elimu huokotwa popote ilipo. Mwenye kiwanda, J. C. Jacobsen, aliianzisha maabara hiyo mwaka 1875, akaweka sharti ambalo wenye mali wachache hulikubali: jambo lolote la maana litakalovumbuliwa humo lisifichwe, bali litangazwe kwa watu wote. Sharti hilo ndilo lililotufikisha sisi kwenye pH.

Kazi ya Sørensen ilikuwa kuchunguza vimeng'enya, yaani vile vitu vidogo vilivyomo katika viumbe vinavyoharakisha mabadiliko ya kemia, kama yale yanayosaga chakula tumboni. Aliona kwamba vimeng'enya ni kama watu wenye tabia zao. Kimoja hufanya kazi vyema penye uchachu mwingi, kingine hulegea hapo hapo. Basi ilimlazimu kuujua uchachu kwa usahihi, na hapo ndipo alipokuta ugumu.

Desturi ya wanakemia ilikuwa kupima asidi kwa kuimwagia alkali kidogo kidogo mpaka iishe nguvu, kisha kuhesabu alkali iliyotumika. Kipimo hicho ni cha haki, lakini hupima akiba yote. Ni kama kuhesabu fedha zote za tajiri, zilizo sandukuni na zilizo mkononi, ilhali zinazonunua kitu sokoni leo ni zile za mkononi tu. Siki na asidi kali za viwandani zaweza kuwa na akiba sawa, lakini nguvu yao ya papo kwa papo ikawa mbali kabisa. Nguvu hiyo hutokana na chembe za haidrojeni zilizo huru ndani ya maji, zenye umeme, ziitwazo ayoni. Hizo ndizo alizotaka kuzihesabu Sørensen.

Taabu ni kwamba hesabu zake ni ndogo mno, zenye misururu ya sifuri inayochosha macho. Mwaka 1909 alitoa makala yake ndefu kuhusu vimeng'enya, na ndani yake akapendekeza njia nyepesi. Ikiwa katika lita moja kiasi cha ayoni hizo ni sehemu moja ya 10,000, hesabu sifuri: ni nne, basi andika 4. Ikiwa ni sehemu moja ya 10,000,000, kama ilivyo katika maji safi, sifuri ni saba, andika 7. Chini ya 7 ni uchachu, juu yake ni upande wa magadi. Ndimu hukaribia 2, na damu ya mtu mzima wa afya huwa kama 7.4. Lakini msomaji ashike hili: kila hatua moja ni mara kumi. Fiksa yangu iliyotoka 4 ikafika 6 haikupungukiwa kidogo. Ilibaki na sehemu moja tu katika 100 ya uchachu wake.

Herufi H ni ya haidrojeni. Juu ya p wataalamu wangali wanabishana, wengine wakisema ni neno la Kijerumani, wengine la Kifaransa, wengine la Kilatini, na yote maana yake ni nguvu au kipeo.

Sørensen hakuishia kwenye jina. Alionyesha namna mbili za kupima. Ya kwanza ni kwa umeme, kwa kipande cha platini kinachopitishiwa gesi ya haidrojeni: sahihi, lakini ya polepole na yenye kuhitaji subira. Ya pili ni kwa rangi zinazogeuka kwa uchachu, na hiyo ndiyo nyanya ya vijikaratasi vya yule mzee wetu. Alitayarisha pia michanganyiko isiyoyumba uchachu wake upesi, iwe mizani ya kulinganishia. Mpaka leo mwenye mashine ya kupimia huanza kwa kuichovya katika michanganyiko ya aina hiyo, kwa kawaida ya 4, 7 na 10, kabla ya kuiamini.

Mashine nyepesi ilikuja baadaye, Marekani. Mwaka 1934 Arnold Beckman wa California aliombwa na rafiki yake njia ya kupima maji ya ndimu, naye akaunda chombo cha elektrodi ya kioo na vali za redio. Viwanda vya picha vilinufaika sana, hasa katika picha za rangi, ambazo divelopa yake hukaa kama 10, na ikisogea kidogo tu nyuso za watu hubadilika rangi.

Sørensen mwenyewe aliendelea na maabara yake, akichunguza protini, ikiwamo ile ya ute wa yai, na mkewe, Margrethe Høyrup Sørensen, alikuwa mwenzake katika kazi hiyo. Hakupata tuzo ya Nobel. Alistaafu mwaka 1938, na akafariki tarehe 12 Februari 1939, akiwa na umri wa miaka 71.

Neno alkali lenyewe asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni majivu ya mimea. Na magadi yale yanayotiwa katika divelopa ni ndugu wa magadi ya Ziwa Magadi letu, ambayo mama zetu huyatia katika maharagwe yaive upesi. Basi vitu vyenyewe tulikuwa navyo tangu zamani. Tulikuwa na ndimu, tulikuwa na siki, tulikuwa na shabu. Tuliambiana hii kali na hii si kali, na kila mtu akapima kwa ulimi wake. Sørensen alichofanya ni kuzipa ndimi zote hesabu moja, isiyopendelea wala kusahau, akaitoa bure.

Vyumba vingi vya giza vimefungwa sasa, na picha hupigwa kwa simu bila tone la dawa. Lakini kila nionapo herufi zile mbili, hata kwenye chupa ya sabuni, namkumbuka maalimu. Sina sura yake ya kuwaonyesha wanangu. Nina tarakimu mbili tu: 4, ambayo ingemhifadhi, na 6, iliyompeleka na maji.