Shaaban Robert, karani aliyewaandikia watoto wake

Kwetu Lubumbashi tunaambiwa mara kwa mara kwamba Kiswahili chetu si cha kurithi. Ni kweli: wengi wa babu zetu walifika kwenye migodi wakisema Kiluba, Kibemba au Kisonge, wakakutana na Kiswahili kazini. Kwa hiyo nilidhani kwamba bingwa wa lugha hii hana budi kuwa mtu wa ukoo wa pwani tangu zamani. Kumbe wazazi wa Shaaban Robert walikuwa wa asili ya Wayao.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 kijijini Vibambani, karibu na Tanga. Alisoma Dar es Salaam tangu 1922 hadi 1926, kisha akaingia forodhani kama karani. Alikaa huko mpaka 1944, akapita ofisi nyingine za serikali ya kikoloni, na mwisho akawa katika ofisi ya upimaji ardhi ya Tanga. Karani wa namna hiyo ndiye aliyetunga utenzi wa beti zaidi ya 3,000 juu ya vita vya pili vya dunia.

Lakini mimi hurudia zaidi tungo mbili fupi kuliko huo. Mkewe Amina alifariki wakiwa bado vijana, naye akamtungia shairi la maombolezo. Akabaki na watoto wa kulea. Binti yake Mwanjaa akamwandikia Utenzi wa Hati, mwanawe Suleiman akamwandikia Utenzi wa Adili: namna ya kuishi na Mungu, na jirani, na ndoa, na kazi. Nikiri kwamba Hati hunikera mahali. Msichana mdogo anafundishwa mapema mno kumtii mume. Hata hivyo baba huyohuyo aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke maskini aliyekuwa akiuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji mkuu wa Unguja, na humo hakuna dharau hata kidogo.

Jina la utenzi wa Suleiman lilirudi mwaka 1952 katika Adili na Nduguze, hadithi iliyosomwa na watoto wa shule kote Afrika Mashariki. Kiini chake kinatoka katika Alfu Lela Ulela. Ndugu wawili wenye husuda wamegeuzwa manyani, na Adili analazimishwa kuwachapa kila usiku. Anawachapa kwa sababu ameamriwa, kisha anawabembeleza na kuwalisha. Wengi husema Shaaban anahubiri tu. Sikatai, majina kama Hasidi na Mwivu yanamaliza fumbo kabla halijaanza. Ila yule mtu mwenye kiboko mkononi na huruma moyoni hakuwekwa pale kwa ajili ya mahubiri peke yake. Mwaka mmoja kabla, katika Kusadikika, Shaaban alikuwa ameonyesha nchi inayowatupa gerezani wajumbe wake wanaorudi na habari za mabadiliko, akachapisha hayo akiwa bado mtumishi wa serikali ya wakoloni.

Alifariki Juni 1962, miezi michache baada ya uhuru wa Tanganyika, akazikwa Machui. Kufikirika na Utubora Mkulima vilichapishwa baadaye, yeye hakuviona.