Ibn Majid, rubani aliyemsahihisha babake

Kwetu, rubani alikuwa wa vyombo kabla ya kuwa wa ndege. Nikikaa Bandari ya Kale humkumbuka Ahmad ibn Majid wa Julfar. Babake na babu yake walikuwa marubani. Babake alitunga utungo mrefu juu ya njia za Bahari ya Shamu. Mwana akazipita mwenyewe, akapima nyota, akaona makosa, akayasahihisha. Kitabu chake kikubwa alikimaliza karibu 1490.

Wengi humlaumu kuwa mwaka 1498 alimwongoza Vasco da Gama, aliyekwama hapa Mombasa, kutoka Malindi hadi India. Watafiti wengi sasa wanalikataa hilo. Tusimtwike mzee wa watu mzigo usio wake. Elimu aliirithi, urubani aliupata baharini.